Kichwa Ndani ya Beseni

Kwetu mtu akifa tunamuaga. Jeneza hufunguliwa, watu hupanga mstari, na kila mmoja hupita akautazama uso. Wengine hugusa paji la uso, wengine hupita wameinamisha vichwa kwa sababu hawawezi kutazama. Nimehudhuria misiba mingi Mbeya na Iringa, na naamini kule kupita mbele ya uso ndiko kunakomfanya mtu akubali. Kabla ya hapo unalia kwa sababu wenzako wanalia. Ukishapita, unalia kilio chako mwenyewe.

Mtoto wa dada yangu hakuagwa hivyo. Alikuwa askari, akapelekwa Kongo kulinda amani, akarudi ndani ya jeneza lililofungwa, bendera juu yake. Ofisa aliyekuja nalo alikuwa kijana mpole. Alimwita dada yangu "mama", alivua kofia kila alipozungumza naye, lakini alisema jambo moja ambalo hakuna aliyeweza kulibadilisha: jeneza lisifunguliwe. Dada akamuuliza kwa nini.

"Mama, tunaomba utuamini tu," akasema.

Juu ya jeneza waliweka picha yake, ile ya sare, kwenye fremu. Watu wakapanga mstari kama kawaida, wakapita mbele ya picha. Baada ya mazishi, wanawake walipokuwa wanaosha masufuria, dada alinivuta nyuma ya jiko.

"Ninyi wote mmeaga mtu," aliniambia. "Mimi nimeaga picha."

Nilimshika bega tukasimama pale mpaka akaitwa.

Nieleze kidogo kuhusu makaburi yetu, kwa msomaji ambaye kwao hakufanani na kwetu. Nyumbani ni mlimani juu ya jiji la Mbeya, kwenye mashamba ya viazi, na watu huzikwa hapohapo kando ya nyumba. Mwanzo kaburi ni udongo tu, na msalaba wa mbao. Mwaka ukipita, au zaidi kidogo, ukoo hukusanyika tena. Fundi huja na saruji, wengine huweka na vigae, mchungaji husali, watu hula, na hapo ndipo msiba unakuwa umefungwa. Kabla ya kujengea, bado mna deni na marehemu wenu. Ndivyo tunavyoona.

Dada alikataa kujengea. Mwaka ulipotimia alisema tusubiri mvua ziishe. Mvua zilipoisha akasema tusubiri viazi vitoke. Viazi vikatoka, vikauzwa sokoni Mwanjelwa, na yeye akawa hana sababu nyingine ya kutoa. Mume wake alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo aliyekuwa anausemea ukoo ni mdogo wa mume, baba mdogo wa marehemu. Mtu mwema, mwenye haraka. Siku moja tukiwa tumekaa sebuleni kwa dada alianza tena.

"Shemeji, kaburi linatitia. Ng'ombe wa watu wanapita juu yake."

"Wenye ng'ombe wafunge ng'ombe wao."

"Shemeji, watu wanatuuliza."

"Waambie waje waniulize mimi. Nitawajibu kwamba sijui nimezika nani."

Baba mdogo akaweka kikombe chini. "Sasa unataka tumfukue?"

Alijuta papo hapo, niliona, akaanza kutafuta sukari ambayo ilikuwa mbele yake.

Ndipo nikasema lile nililokuwa nalifikiria njia nzima kutoka Iringa. Mimi ni mwalimu wa ufundi katika chuo kimoja cha kanisa huko Iringa, na pamoja na mambo mengine nafundisha kusubu shaba, yaani kuiyeyusha na kuimimina. Nikasema nitamtengenezea uso wa mwanawe, wa shaba. Atauona, ataushika, atamuaga. Kisha tutauweka upande wa kichwani wa kaburi, na tutalijengea.

Dada alinigeukia. "Atafanana?"

"Atafanana."

"Wewe mjomba mtu unayekuja Krismasi mpaka Krismasi, ulimtazama vizuri lini?"

"Nina picha."

"Picha," alisema, akaingia ndani. Lakini hakukataa, na baba mdogo aliniitikia kwa kichwa kana kwamba tumefunga mkataba.

Kusubu shaba si uchawi. Huwa nawaambia wanafunzi hivyo siku ya kwanza, kwa sababu wengi huingia wakiwa na hofu. Mwenye subira anaweza kujifunza, na anayeharibu mara ya kwanza asikate tamaa, sote tumeharibu. Kwanza unaumba sanamu kwa nta ya nyuki, ambayo sisi tunainunua kwa warina asali wa huku kwetu. Kichwa cha nta kinakuwa kitupu ndani, kama kibuyu. Ukimaliza kukiumba unajaza udongo ndani yake, unabandika vijiti vya nta vitakavyokuwa njia za kupitishia shaba, halafu unakifunika kote kwa udongo uliochanganywa na samadi, laini kwanza, kisha mkavu zaidi. Hiyo ndiyo kalibu. Unaipeleka kwenye tanuri ikiwa imepinduliwa, nta inayeyuka na kutoka yote, na pale ilipokuwa panabaki uwazi. Shaba iliyoyeyushwa inamiminwa ndani ya uwazi ule. Ikipoa unavunja kalibu. Kwa hiyo sanamu ya namna hii huwa ni moja. Ikishindikana, nta imeshakwenda na kalibu imeshavunjika, unaanza upya na donge la nta.

Nilianza kazi miezi ya baridi, ambayo Iringa si ya mchezo. Nta ikipata baridi hukakamaa, ukiisukuma kwa kidole inapasuka badala ya kunyooka. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu. Unakilaza kichwa ndani ya beseni, unasubiri kidogo, unakitoa, unafanya kazi mpaka kikakamae tena, unakirudisha. Nilikuwa na picha ile ya sare ukutani, na kijiti cha kupimia. Nilipima kutoka jicho hadi jicho, kutoka pua hadi mdomo. Niliyachonga masikio yake ambayo yalisimama kidogo, kama ya babu yetu. Mke wangu alipokuja karakana siku moja akakiona, aliweka mkono mdomoni na kutoka nje. Naomba nikiri kwamba nilifurahi. Nilijua kimefanana.

Dada alikuja Iringa kukitazama kabla sijakifunika kwa udongo. Nilikuwa nimemwahidi hivyo. Alishuka na gunia dogo la viazi na mchele wa Madibira, na mke wangu akampokea kwa maneno yao ya siku zote.

"Wifi, umekonda."

"Na wewe umenenepa, si ungenigawia?"

"Ni huku kwetu. Hewa nzuri."

"Hewa gani, ubaridi huu. Watu mnatembea mmejikunja kama mmeiba kitu."

Walicheka, na nilifurahi kumsikia anacheka. Asubuhi iliyofuata tukaenda wote wawili karakana. Nilikuwa nimewahi mapema kuwasha jiko la mkaa na kukilaza kichwa ndani ya beseni, kwa sababu kulikuwa na sikio moja nililotaka kulirekebisha kidogo kabla hajalisogelea. Kilikuwa kimelala kisogo ndani ya maji, uso juu. Birika lilikuwa juu ya jiko. Nikamvutia kigoda karibu na moto.

"Huyu hapa," nikasema. "Kaa naye. Nakuja."

Nje manyunyu yalikuwa yameanza na udongo wangu ulikuwa haujafunikwa. Mimi na wanafunzi tulitafuta turubai, halafu tukatafuta mawe ya kuligandamiza. Nilichelewa kuliko nilivyodhani.

Niliporudi, dada alikuwa amevua sweta. Alikuwa amepiga magoti, mikono ya blauzi ameikunja hadi juu ya viwiko, kitenge amekifunga kifuani. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa chini ya shingo ya kile kichwa, na kwa mkono wa kulia alikuwa anakikanda.

Kama hukukulia kwetu, hili nalo linahitaji maelezo. Mtoto mchanga anapoogeshwa kwa mara za kwanza, bibi yake au mama yake humkanda kichwa kwa maji ya moto kidogo. Hugandamiza paji na kisogo ili kichwa kikae mviringo, huvuta pua kwa vidole viwili ili isimame, hunyoosha mashavu. Kliniki hawapendi. Wakati wa mtoto huyuhuyu, nesi mmoja alimwambia dada, "Mama, acha hicho kichwa, si ugali huo." Dada aliitikia vizuri sana, akarudi nyumbani akaendelea kukanda. Kila mama wa kule kwetu angefanya vilevile. Nami nilikuwa nimekilaza kichwa cha mtoto wake ndani ya maji ya uvuguvugu, kwenye beseni la plastiki, karibu na moto, nikamwambia kaa naye.

Hakugeuka aliposikia mlango. "Maji yako yalikuwa yamepoa," alisema. "Nimeongeza."

Nilitazama birika. Alikuwa ameongeza karibu lote.

Alikuwa anaongea, lakini si na mimi. Alitumia lugha ya nyumbani, kwa ile sauti ya chini ambayo wanawake huitumia kwa mtu ambaye hajajua maneno. Alimwambia alitoka na kichwa kirefu kama boga. Alimwambia bibi yake alicheka akasema huyu mtoto amekuja amevaa kofia. Vidole gumba vyake vilishuka kwenye mashavu na nta ikafuata, ikawa ndefu. Akaivuta pua. Akaingiza kidole mdomoni, kama anavyotolewa mtoto makamasi ili alie, na mdomo ukabaki wazi. Kazi yangu yote ya kijiti na vipimo ilikuwa inakwenda, na mimi nilisimama palepale mlangoni, manyunyu yananidondokea kwenye nywele.

Kisha akafanya jambo ambalo mtoto mchanga hafanyiwi. Aliweka kiganja kwenye paji la uso, akakishusha taratibu juu ya macho. Akarudia. Mara ya tatu kiganja kilipofika kwenye macho hakukiondoa, akakiacha pale, na ndipo akalia. Hakuwa amelia hivi siku ya mazishi. Siku ile alilia akiwa amesimama wima na watu wamemshika huku na huku. Sasa alilia akiwa amejikunja juu ya beseni mpaka paji lake mwenyewe likagusa maji, na sikumgusa kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi.

Aliponyanyua kiganja, macho hayakuwepo. Palikuwa na mifereji miwili ya vidole iliyoshuka kutoka kwenye paji hadi mashavuni. Alikitazama kile kichwa, kisha akanitazama mimi, na nikaona ameshtuka.

"Nimekuharibia."

"Hapana, dada."

"Nimekuharibia kazi, mdogo wangu. Kirudishe kilivyokuwa."

"Naweza kukirudisha. Picha ipo."

Alitazama picha ukutani. Alitazama muda mrefu, kama mtu anayetafuta uso wa jamaa kwenye kundi la watu. Halafu akainua kichwa cha nta kutoka kwenye maji, akakifuta kwa pindo la kitenge, na kukiweka mapajani.

"Huyu nimemshika," alisema.

Nikaacha. Tuliketi pale hadi nta ikakakamaa, kila mmoja na kikombe chake cha chai.

Mchana alipita mwalimu wa useremala, jirani yangu wa karakana, Mhehe na mtani wangu kwa miaka yote niliyofundisha pale. Dada alikuwa amekwenda kupumzika.

"Kamwene, mwalimu," alinisalimu kwa Kihehe. "Hiki ndicho kile cha mpwa wako?"

"Ndicho."

"Mbona jana kilikuwa mtu? Umekisahau kwenye moto? Ninyi watu wa Mbeya kila kitu mnakipika."

Nikamsimulia. Akazunguka meza, akainama kuitazama ile mifereji kwa karibu bila kuigusa. "Basi usitie mkono wako tena hapo," alisema, na akarudi kwenye mbao zake.

Nilipokuwa mwanafunzi, maktaba ya chuo ilikuwa na kitabu kimoja cha picha za sanamu za shaba nyeusi zilizotengenezwa Ulaya baada ya vita vyao vikubwa. Miili iliyovutwa ikawa mirefu kama fimbo, midomo wazi, mikono mikubwa kupita kiasi, nyuso zenye alama za vidole ambazo fundi hakuzisawazisha. Nilidhani wale mafundi hawakujua kupima. Mwalimu wangu alinieleza kwa upole kwamba walijua sana. Fundi anaweza kuumba kile jicho lilichoona, alisema, na anaweza kuumba kile kilichompata, na mara nyingine haviwezi kukaa katika uso mmoja. Nimewafundisha wanafunzi wangu somo hilo kila mwaka, nikiwaonyesha picha, nikiwapa mitihani. Wanaandika vizuri. Mimi pia ningeandika vizuri. Lakini ni siku ile tu, nikiwa na kile kichwa mezani, nilipoelewa kwamba sikuwa nimewahi kuumba chochote kilichonipata. Nilikuwa nimetengeneza kengele na misalaba, na picha ya pasipoti kwa nta.

Nilimsindikiza dada kurudi Mbeya, na nikapita Mwanjelwa kutafuta shaba. Shaba nyeusi ni shaba nyekundu iliyochanganywa na bati, bati lenyewe la kulehemea, si la kuezekea. Shaba nyekundu naipata kwenye nyaya za mota zilizoungua. Muuza vyuma chakavu ninayemfahamu alinifungulia gunia, akanisifia mali yake kama kawaida.

"Mwalimu, nyaya hizi ni safi, hata bibi harusi angezivaa."

Chini ya nyaya kulikuwa na koki, vitasa, na maganda ya risasi. Sikuuliza yametoka wapi. Nilianza kuyachambua na kuyaweka juu ya meza yake, moja baada ya jingine.

"Hiyo nayo ni shaba," alisema.

"Najua."

"Inayeyuka vizuri sana."

"Najua."

"Sasa unachagua kama unanunua nyanya?"

Nikaendelea kuchagua. Yeye akanisaidia kutikisa gunia, bila kuuliza zaidi, na tulipomaliza akalifunga kwa kamba.

Siku ya kusubu dada alikuja tena Iringa. Nilikuwa nimemweleza hatua zote, kwa mdomo na hata kwa kuchora kwa kijiti kwenye vumbi, naye aliitikia kila hatua. Lakini kuelezwa ni kitu kimoja. Kalibu ilipopata moto, nta ilianza kudondoka kwenye sufuria tuliyoiweka chini ya tanuri, kwanza tone kwa tone, halafu kama uzi, na harufu ya asali ikajaa karakana. Dada alisimama.

"Hiyo nini?"

"Ni nta, dada. Inatoka."

"Inatoka ndani? Kwenye uso?"

"Lazima itoke yote."

"Kwa hiyo sasa hivi humo ndani hayupo."

Nilitaka kumweleza juu ya uwazi, kwamba kila alama ya kidole chake imebaki kwenye udongo, kwamba ndiyo maana tunapaka ule udongo laini kwanza. Nilifungua mdomo nikaanza. Aliniinulia mkono.

"Ungeniambia mapema nisingekubali," alisema. Akageuza kigoda, akakaa ameipa mgongo tanuri, na hakugeuka mpaka tulipomaliza kumimina.

Tulivunja kalibu kesho yake. Nilifanya mwenyewe, kwa nyundo ndogo na patasi, dada akiwa amesimama kando yangu. Udongo uliungua ukawa mweusi, na ulitoka vipande vipande. Kwanza ilionekana pua. Halafu mfereji mmoja wa jicho, na mistari midogo ya ngozi ya kidole chake ikiwa imekaa kwenye shaba kama ilivyokaa kwenye nta. Nikashusha pumzi. Nilikata njia za shaba, nikachokoa udongo wa ndani, nikakisugua kwa brashi ya waya, nikakigeuza. Upande wa kushoto, juu ya sikio, kulikuwa na tundu.

Hilo hutokea. Shaba ikipoa kabla ya kufika mahali, pale panabaki wazi. Lilikuwa tundu dogo, kingo zake zimejikunja, kidole cha shahada kingeingia. Dada alikiingiza.

"Ndipo hapa?" aliuliza.

"Shaba ilipoa kabla ya kufika. Ni kawaida, dada, hasa kama—"

"Sijakuuliza shaba."

Hatukuwahi kuambiwa alipigwa wapi. Tuliambiwa walikuwa doria, tuliambiwa ni asubuhi, tuliambiwa alikuwa askari hodari.

"Sijui, dada. Hawakusema."

Aliendelea kulishika lile tundu. Mimi nilikitazama kichwa kwa jicho la kazi yangu, na ninaandika hili kwa sababu ndilo nililoliwaza: niliwaza kwamba liachwe. Wale mafundi wa kile kitabu wangeliacha. Tundu lilisema jambo ambalo mikono yangu isingeweza kulisema. Karibu nimwambie.

"Lizibe," dada alisema.

"Linaweza kubaki, ukitaka. Kuna watu ambao—"

"Lizibe. Usimwache hivyo, yuko wazi."

Nililiziba. Nilimimina kipande kidogo cha shaba, nikakifua, nikakisugua. Kiraka kinaonekana, rangi yake imeangukia kwenye njano kidogo, na mtaalamu angesema nimeharibu. Nilipomkabidhi, dada alipitisha kiganja pale, akaona hakuna kingo, akatikisa kichwa kwamba sawa. "Ndaga," aliniambia, ambayo kwetu ni asante, na pia ndiyo pole tunayompa mfiwa.

Nilidhani tumemaliza. Nilimpigia simu baba mdogo, akamwita fundi, akanunua saruji, akamwambia mchungaji. Nilifika mlimani na nondo mbili za kukishikiza kichwa kwenye zege. Kulikuwa na jua zuri, viazi vilikuwa vinatoa maua, na wanawake walikuwa wameshabandika masufuria. Nikaingia ndani kwa dada kukichukua. Kilikuwa chumbani kwa kijana, kitandani, kimelala kwenye mto, kimefunikwa shuka hadi shingoni.

"Dada, fundi anasubiri."

"Mjengeeni," alisema. "Mimi sina neno tena."

"Nimekuja kuchukua kichwa."

"Hicho hakiendi huko." Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono juu ya shuka. "Huyu ni wangu. Huyu nimemwogesha, nimemfumba macho. Yule wa kule nje simjui. Lakini ni mtoto wa mtu. Amelala hapa miaka yote hii kwenye udongo mtupu kwa ajili ya ubishi wangu, na mama yake hajui yuko wapi. Mjengeeni vizuri."

Nilisimama na nondo zangu. Mimi ndiye niliyeahidi kwamba akishika ataamini. Nilikuwa nimefanya kila nilichojua kufanya, na alikuwa ameshika, na alikuwa ameaga. Hakuwa ameamini. Nilimpigia magoti nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba ni yeye, dada, yule kule ni yeye, walimleta kwa jina lake. Alinipapasa kichwa kama ndugu mdogo.

"Inawezekana," alisema. "Twende."

Alitoka na kusimama kando ya kaburi kuanzia mwanzo. Nilikoroga zege pamoja na vijana. Baba mdogo aliona sina kichwa cha shaba, akanitazama, nikamtikisia kichwa, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka ya kusema. Mchungaji alisali. Dada alimwambia fundi anyooshe kingo, asiache mawimbi. Alimwambia aongeze saruji upande wa chini ambako maji hupita. Fundi alipomaliza kusawazisha upande wa kichwani alichukua msumari wa kuandikia na kuuliza aandike nani.

"Andika la mwanangu," dada akasema.

Fundi akaandika, taratibu, akipuliza chembe za mchanga. Alipomaliza alianza kuchora mstari chini ya jina, kufunga kazi. Dada alimshika mkono.

"Usifunge. Hapo chini paache."

"Pa nini, mama?"

"Watu wake wanaweza kuja."

Fundi alimwangalia baba mdogo, baba mdogo akaangalia chini. Msumari ulikuwa bado hewani. Kisha fundi akapasawazisha tena pale chini ya jina kwa mwiko wake, pakawa laini, na akapaacha bila kuandika kitu.